Matroni na Bunduki za Jikoni

Swali lake la kwanza halikuwa nani kakupiga. Hilo lilikuwa swali langu mimi, askari, na nililiuliza kwa miaka nikiwa na kalamu mkononi huku uongo ukinimiminikia. Yeye alinawa mikono, akafunua kidonda, akamtazama majeruhi usoni, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Hiyo bunduki jana ililala wapi?" Mtu aliyekwisha kupanga na nduguze waseme kuwa kararuliwa na nguruwe pori alijikuta anajibu kabla hajakumbuka kudanganya. Ililala jikoni, Matroni.

Sijui alizaliwa kijiji gani wala ukoo wake ni upi. Sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kujieleza. Tabora nzima ilimwita Matroni, hata watu ambao hawajawahi kulazwa siku moja. Wauza vitumbua wa mtaa wa Ng'ambo walimwita hivyo, na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyemuuzia nyuzi, naye alimwita hivyo. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka kiasi kwamba wauguzi wanafunzi walimfuata wakikimbia kidogo kidogo. Miwani yake ilifungwa mguu mmoja kwa uzi wa kushonea vidonda. Sare yake ilipigwa pasi mpaka ikawa na makali, na alipopita wodini hata wagonjwa waliokuwa hoi walijitahidi kukunjua shuka.

Nilimwogopa. Nasema hivyo bila aibu, na mimi nilikuwa sajenti.

Huku kwetu gobore si habari. Njia ile ya zamani ya misafara iliwachukua babu zetu wakiwa na pembe za ndovu mabegani, ikawarudisha na bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Misafara ilikwisha, bunduki zikabaki, na zilipochakaa wahunzi wakaunda nyingine kwa bomba la maji au mhimili wa usukani wa gari bovu. Mkulima wa mahindi aliyepakana na msitu huliona gobore sawa na jembe lake. Kibali hana, na ukimuuliza atakwambia ni la marehemu babu, kana kwamba marehemu ndiye anayelitumia.

Sasa gobore likishashindiliwa halipakuliki kirahisi. Njia nyepesi ya kulitoa baruti ni kulipiga. Kwa hiyo hukaa limejazwa, likisubiri siku ya kazi. Masika baruti hunyonya unyevu ikakataa kuwaka, na wazee wetu walipata dawa ya hilo zamani sana: lining'inize juu ya mafiga, moshi ulikaushe. Fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia, mwenye mali hukitoa akakiweka mfukoni, akalala usingizi wake akijua bunduki imekufa. Nimekulia chini ya bunduki iliyokufa namna hiyo. Nimekula ugali chini yake tangu nina meno ya maziwa. Hakuna aliyefikiri kwamba fataki ikiondoka tundu lake linabaki wazi, kamba inaliwa na moshi, na chini kuna makaa.

Matroni ndiye aliyefikiri.

Tulianza vibaya, mimi na yeye. Wakati huo nilikuwa kwenye kituo kidogo upande wa barabara ya Urambo, na nilifika hospitali kumchukua maelezo kijana aliyepigwa bega. Hakuwa na PF3, ile fomu ya polisi ambayo majeruhi hutakiwa kuja nayo, na kidonda kilikuwa kimekwisha kushonwa. Nikauliza nani kampokea bila fomu. Matroni akasema yeye. Nikauliza jina la mgonjwa. Akavua miwani, akaifuta taratibu, akasema limemtoka. Nikamkumbusha kuwa mimi ni mtu wa serikali na kwamba yeye ni mzee wa kanisa la Moraviani, na kusema uongo kuna gharama zake huku na huko.

"Mimi sisemi uongo, Afande," akajibu. "Mimi nasahau."

Akanipa kiti na chai ya tangawizi, akanisahaulisha nilichofuata. Nilipokuwa mlangoni aliniambia jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye. Alisema kila nikisimama pale na kofia yangu, mtu mmoja huko msituni anaamua kutokuja hospitali, na huyo hafi kwa risasi, anafia kwenye usaha. Nilirudi kituoni nimekasirika, nikaandika ripoti ndefu juu yake, kisha nikaichana.

Alikuwa na daftari, kaunta buku lenye jalada jeusi. Humo hamkuwa na jina hata moja. Mlikuwa na mwezi, saa, kijiji, kidonda kiko wapi mwilini, bunduki ya namna gani, ililala wapi, na aliyeumia alikuwa anafanya nini alipoumia. Aliliandika kwa herufi ndogo zilizonyooka, na siku aliyoona mwandiko wangu kwenye fomu aliuliza kama kuku wa kituoni nao wameajiriwa. Wauguzi walinieleza kwamba aliwahi kurudi wodini siku yake ya mapumziko, akiwa na gauni la kwaya, kwa sababu alikumbuka hakumuuliza mgonjwa mmoja kama mvua ilikuwa imenyesha.

Nilidhani ni uchizi wa uzeeni. Siku moja nikamkuta kwenye benchi nje ya wodi, wakati wa kula, anatarizi kitambaa. Hilo halikunishangaza, maana mama zetu wote hutarizi maua na ndege. Nikakaa kumsubiri. Ndipo nikaona ule mstari mrefu wa kijani katikati ya kitambaa ni reli, na kwamba kifundo cha uzi mweusi ni stesheni ya Goweko, na kingine upande wa pili ni Urambo, na Tabora iko katikati. Alikuwa anatarizi daftari. Kila majeruhi alikuwa ni mshono mmoja. Bluu ni aliyepigwa njiani na majambazi. Nyekundu ni aliyepigwa shambani au msituni, mara nyingi na mwenzake aliyemdhania mnyama. Njano ni aliyeumia nyumbani.

Mishono ya bluu ungeweza kuifunika kwa kiganja. Nyekundu ilitapakaa pembezoni mwa misitu. Njano ilikuwa kila mahali.

Nilikuwa nimefanya kazi kwenye barabara ile kwa jasho, nimelala kwenye matope nikisubiri majambazi, na hapa palikuwa na mwanamke mwenye sindano aliyelijua eneo langu la ulinzi kuliko mimi.

Kamati ya usalama ilipokaa kupanga ulinzi wa masika, Matroni aliitwa aje aseme tu kama wodi ina vitanda vya kutosha. Mimi nilikuwepo kwa ajili ya kueleza doria za barabarani. Aliingia, akaamkia, akatandaza kitambaa chake mezani. Mhudumu akadhani kimeletwa kwa ajili ya chai, akapanga juu yake chupa na vikombe. Matroni akaviondoa kimoja kimoja, akavipanga sakafuni, na watu wazima wenye vyeo wakamtazama hadi alipomaliza. Mwenyekiti akasifu maua.

"Si maua, Mheshimiwa," akasema. "Ni watu."

Kisha akaeleza, kwa dakika chache, bila kupandisha sauti. Wengi wa wale wa njano walikuwa wanawake. Hawakuwahi kushika bunduki maishani mwao. Vidonda vyao vilikuwa mapajani na miguuni, na karibu wote waliumia wakati wa kupika, masika, bunduki ilipodondoka kutoka kwenye pau za jikoni ikaangukia motoni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye vitabu vya polisi, maana hakuna aliyempiga. "Mmepanga askari wa kumlinda mwenye gari," akamalizia. "Huyu anayesonga ugali analindwa na nani?"

Nimeshuhudia watu wakinyamazishwa kwa mabavu. Kunyamazishwa kwa kitambaa nilikuona siku hiyo tu.

Mpango uliotoka pale ulikuwa wake, ingawa saini hazikuwa zake. Alikataa katakata tuanze na misako. Tukianza na pingu, alisema, bunduki zitahamia chini ya magodoro na yeye atalazimika kununua uzi wa rangi ya nne. Kwa hiyo tukaanza na mikutano ya vijiji: anayesalimisha kwa hiari haulizwi kitu. Bunduki zikae kwenye kasha la ofisi ya mtendaji, kasha lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtendaji na mwingine kwa mwanamke aliyechaguliwa na wanawake wenzake. Kabla ya kuingia kasha, kila moja ipigwe kwenye shimo la mchanga mpaka itoke tupu. Walinzi wa mahindi waende wawili wawili na wafunge kitambaa cheupe kichwani. Vitambaa alivitoa yeye, kwa mashuka ya hospitali yaliyochakaa. Nami nikakabidhiwa kupanga ratiba ya vijiji, kikiwemo chetu, kule Goweko.

Nikitaja hayo mtu anaweza kudhani alikuwa malaika. Hapana. Alikuwa mchoyo wa bandeji kiasi cha kuzipima kwa kidole, halafu kesho yake akachana khanga yake mpya kumfunga mtoto wa mtu asiyemjua. Alipenda umbea kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kumfahamu, mradi usiwe wa mgonjwa. Mwanamke huyu aliyechokonoa vipande vya nondo kwenye miili ya watu bila kupepesa jicho, kwenye arusi ikilipuliwa fataki ya sherehe aliingia chini ya meza. Nilimwona kwa macho yangu. Alitoka huko akajipangusa magoti, akaniambia nimwambie mtu yeyote nione. Aliwahi pia kumzaba kofi mwanamume mzima aliyemletea mke mwenye kidonda cha siku nne, kisha akamwomba radhi mbele ya wodi nzima, akamletea uji.

Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, kimenyooka. Akitaka ukweli hasa kutoka kwa mzee mkaidi, aliinama akamwamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akaendelea hivyo hivyo mpaka mzee akasahau kuwa yuko hospitali. Kwangu hakuhitaji Kinyamwezi. Aliniita Afande siku za kazi na mwanangu siku alizonihurumia, na yote mawili yaliniweka sawa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijapenda kulisema.

Siku ile kwenye kamati, Matroni alipotaja pau za jikoni, niliona jikoni kwetu. Niliona gobore la baba, na kamba mbili za magome zilizolishika, na mgongo wa dada yangu mkubwa ukiwa chini yake. Huyu dada ndiye aliyenilea mama alipofariki, na baba alipozeeka alirudi kumtunza. Nilipaswa kwenda kesho yake. Badala yake nilikaa na kalamu nikapanga ratiba ya vijiji, na kijiji chetu nikakiweka cha mwisho.

Nilikuwa na sababu zangu. Baba alikuwa mwindaji anayeheshimika, na mimi ni kitinda mimba. Kumwambia ateremshe bunduki aliyoachiwa na baba yake kulinishinda. Niliogopa pia watu waseme sajenti anazunguka kukusanya bunduki wakati kwao inaning'inia. Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Nikakaa jikoni, nikatazama juu, nikala, nikaaga.

Mvua zilikuwa zimeshika nilipopigiwa simu. Dada alikuwa anasonga ugali wa mchana, kamba moja ikakatika, gobore likaning'inia upande mmoja, kisha likaja lote kwenye makaa. Walimleta Tabora kwa gari la kubebea tumbaku. Nilipofika hospitali alikuwa ametoka chumba cha upasuaji, mguu umefungwa kuanzia goti kwenda chini, na Matroni, aliyebakiza wiki chache kustaafu, alikuwa ananisubiri kwenye benchi na daftari lake mapajani.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanionyesha mahali pa kukaa. Kisha akaniuliza maswali yake yote kwa utaratibu, kama alivyomuuliza kila mtu. Bunduki ya namna gani. Mvua ilikuwa imenyesha. Jana ililala wapi. Nikasema ililala pale pale ilipolala tangu nizaliwe. Akaandika. Ndipo akafika kwenye safu ya mwisho ya ukurasa, ambayo sikuwahi kujua kwamba ipo.

"Nani alijua?"

Hakunihimiza. Muuguzi alipita na sinia, akarudi, nasi tumekaa vile vile. Hatimaye nikasema, "Mimi."

Akaandika neno moja, akapuliza wino, akafunga daftari. Sikuona uso wake ukibadilika. "Kitabu changu hakina majina, Afande," akasema. "Ukitoka mlango huu hakuna atakayejua. Hilo sasa ni lako."

Afadhali angenizaba kofi. Niliingia kwa dada. Alikuwa macho. Nilitaka kumpa pole, yeye akanitangulia, taratibu, bila hasira yoyote, na ndiyo maana maneno yake bado nayasikia: "Matroni kaniambia mlikuwa na mpango. Ulikuja likizo ukakaa pale, mdogo wangu. Ulikula ugali wangu ukanyamaza."

Nilikitoa kijiji chetu mwisho wa ratiba, kikawa ndicho kinachofuata. Nilisimama mbele ya mkutano nikiwa nimevaa sare kamili na kusema yote, la baba na langu, huku baba amekaa safu ya mbele na fimbo yake. Nilipomaliza aliinuka, akaondoka bila kunitazama. Nilijua nimempoteza. Mtendaji alikuwa bado anababaika kutafuta la kusema baba aliporudi, gobore begani, akalilaza kwenye nyasi mbele ya miguu yangu. Akawageukia wenzake. "Baba yangu aliniambia ikae juu ya moto," alisema. "Hakuna aliyekuja kuniambia iondoke." Baada ya hapo wanaume walikwenda makwao mmoja mmoja, na hadi jioni shimo la mchanga lilikuwa halipoi.

Matroni alistaafu. Alihamia vyumba viwili Ng'ambo, na cherehani, na redio ya kusikiliza mpira. Mguu wa dada ulipona ukabaki mkavu. Anatembea kwa fimbo. Mimi nami nikakaribia kustaafu, na mwaka jana masika yalipokwisha nilikwenda kumtembelea Matroni nikiwa na habari njema, nimejaa majivuno. Nilimwambia masika mazima yamepita na upande wa Goweko haujaleta majeruhi hata mmoja. Nilikuwa nimekwenda wodini mwenyewe kuuliza. Nikangoja anipongeze.

Aliendelea kushona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi.

"Hawaumii," akauliza, "au hawaji?"

Askari akiona kimya huandika shwari. Yeye kimya kilimnyima raha. Kesho yake asubuhi alinisubiri mlangoni amevaa raba, na daftari kwenye mkoba, na tulipofika kijijini kwetu alikataa soda ya mtendaji akaanza kupiga hodi. Aliingia jiko kwa jiko. Aliomba maji, aliomba moto, aliulizia habari za watoto, na kila mahali aliinua uso akatazama pau. Magoti yalimuuma, nilimsikia akihema, na nilipomwambia inatosha alinitazama mpaka nikaomba radhi. Kwenye nyumba moja alikuta kitu kirefu kimeviringishwa mkekani, juu kabisa, na mama mwenye nyumba akasema ni mpini wa jembe. Matroni hakubishana naye. Alikaa kizingitini akazungumza na mumewe kwa Kinyamwezi, kwa muda mrefu, mpaka mume akapanda mwenyewe kuuteremsha ule mpini wa jembe. Kwenye nyumba nyingine zote alikuta mahindi ya mbegu na masizi.

Nyumbani kwetu tulifika mwisho, jua limekwisha kupita utosini. Baba alikuwa amelala chumbani. Dada alikuwa jikoni, fimbo imeegemezwa ukutani, sufuria inachemka. Tangu alipoumia dada anapika hivi: anakoroga mara mbili, anatazama juu, anakoroga, anatazama juu. Juu hakuna kitu, naye anajua, lakini shingo haijui. Matroni alisimama akamwangalia. Alitazama pau, akaona zile alama mbili kwenye masizi zilipokuwa kamba. Aliandika kitu kwenye daftari, akalirudisha mkobani. Kisha akavuta kigoda, na badala ya kukiweka mlangoni kwenye upepo, mahali pa mgeni, akakiweka karibu na mafiga, chini ya zile alama mbili, akajikalisha kwa shida akanyoosha miguu yake yote miwili kuelekea motoni.

"Songa, mwanangu," alimwambia. "Nimetembea sana leo, nina njaa."

Dada akamimina unga. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akisonga, akigeuza, akikandamiza mwiko kwa mikono miwili mpaka ugali ukashikana, na muda wote huo hakutazama juu.